Mlango Hufungwa Mwisho

Salumu mwanangu,

Salamu zangu utazipata kesho bandarini, kwa mdomo na kwa mkono, na naomba Mungu nisikuaibishe mbele za watu kwa kilio. Hapa naingia moja kwa moja. Nikianza na "baada ya salamu nyingi" karatasi itarowa kabla sijasema nililokaa kitako kulisema.

Ndo kwanza tumetoka kusali Alasiri. Wewe umekwenda mtaa wa Malindi kumuaga Mzee Fuu, baba yako yuko uani kwenye kiti chake cha kamba, na mimi nimekaa mkekani karibu na miguu yake. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kama nilivyofundishwa Makunduchi, kutoka kulia kwenda kushoto. Hizi najua kuziandika. Hizi hazijaniumbua hata siku moja.

Mambo ya fulana za baridi na dawa ya tumbo kashakuhubiria Bi Shemsa jirani tangu juzi, na mwenyewe hajafika hata Tanga. Mimi sina maneno ya fulana. Nnalo moja tu: unaondoka kwa sababu yangu. Babu yako kule Hong Kong anaamini kwamba baba yako amekufa, na kilichomwaminisha ni mkono wangu mimi. Wewe unajua, Mzee Fuu anajua, nadhani mpaka paka wa Bi Shemsa anajua. Lakini hatujakaa mimi na wewe tukalisema, mama na mwana. Kesho meli inang'oa nanga, na mimi nshachelewa, kama kawaida yangu.

Hebu nianze mbali kidogo, nivumilie.

Baba yako nilimjua Makunduchi, akija kununua majongoo ya pwani kwa wanawake. Maji yakitoka mama yangu alikuwa akiyaokota na kuyatia kikapuni huku kakunja uso, maana sisi hatuli vitu vile, na huyu Mchina akilipa na kushukuru kama kapewa kuku. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. Kila kitu "hii". Hii kubwa, hii nzuri, hii mama yako? Akasilimu, akaitwa Yusufu, akaniposa, nikahamia naye hapa Ng'ambo.

Na watu wa Ng'ambo unawajua. "Mke wa Mchina! Leo mnapika jongoo la nazi au la kukaanga?" Harufu ya majongoo yakichemshwa uani ilikuwa haifichiki, na mimi nilikuwa na kiburi, na ngozi yangu nyepesi. Siku moja nimerudi kisimani nimechomwa maneno mpaka nimeshiba, nikamkuta anaimba Kichina peke yake, anafua. Nikamwaga hasira zote juu yake. Nikamwambia humu ndani Kiswahili tu. Ukitaka Kichina chako nenda kwa Mchina mwenzako Mzee Fuu, mkaongee huko dukani kwake mpaka mchoke, kwangu sikitaki. Akanitazama, shati mkononi linachuruzika maji. Akasema, "Haya."

Baba yako alikuwa mtu wa "haya". Ulipozaliwa alikuwa akikubeba usiku na kukubembeleza kwa sauti ya kooni, mmm, mmm, bila neno hata moja, kwa sababu maneno aliyoyajua ya kumbembeleza mtoto nilikuwa nimeyapiga marufuku. Hilo, mwanangu, likinijia sasa hivi natamani ardhi inimeze.

Ulipoanza chuo cha Kurani ndipo nilipowafuma. Nimetoka ndani nakukuteni nyote wawili mmechutama uani, ndoo ya maji katikati, na baba yako kafunga makumbi ya nazi kwenye kijiti kafanya brashi. Sakafu yote imejaa alama. Nikauliza mnafanya nini. Akajibu, "Tunaosha sakafu." Wewe ukaangua kicheko, na mimi nikaona maneno ya mwanzo yashaanza kukauka, yanapotea hivi hivi kwa jua, na ya mwisho bado yanameta. Akasema, "Ndani hapana Kichina. Hii uani. Tena inakauka." Kichina cha kukauka, hata Bi Shemsa hawezi kukiona. Nikaruhusu.

Basi ikawa kila siku baada ya Alasiri nakaa na kofia yangu ya kushona, na nyinyi mnaosha sakafu. Akikwambia mstari wa kulala unaanza kushoto, unakwenda kulia. Wa juu kabla ya wa chini. Wa kusimama unashuka, haupandi. Ukikosea hakugombezi, anamwaga maji, anafuta, unaanza upya. Na mistari yake mwenyewe ya kulala ilikuwa na kitu kimoja nilichokipenda: ikifika mwisho, brashi inageuka kidogo juu, kama mkia wa paka aliyeridhika. Akatwambia siku moja kwamba mkia ule ni kosa. Babu yako, ambaye kazi yake ni kukaa barazani mjini kwao akiwaandikia barua watu wasiojua kuandika, alimchapa sana kwa ajili ya mkia ule, achape asichape, haukutoka. "Baba yangu anajua mkono wa kila mtu," akasema. "Anatazama wino, anajua mstari gani umetangulia. Huwezi kumficha."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya haya.

Siku moja nikaichukua brashi na mimi. Nikaandika lile neno la sanduku ndani ya sanduku, lile mlilosema ndiyo "rudi". Nilikuwa nshalitazama mara nyingi. Nikachora sanduku kubwa, nikalifunga pande zote, halafu nikachora dogo ndani. Zuri kabisa. Baba yako akalitazama.

"Sivyo."

"Kwani si sawasawa na lako?"

"Sawasawa," akasema. "Sivyo."

"Makubwa! Vipi liwe sawasawa na lisiwe?"

Akachutama akanionesha. Hii nyumba. Ukuta wa kushoto kwanza, halafu dari na ukuta wa kulia, kwa mkono mmoja. Halafu watu wanaingia. Mstari wa chini ndiyo mlango, mlango hufungwa mwisho. "Wewe umefunga kwanza. Watu wapitie wapi, dirishani?" Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Na mistari yangu ya kulala nilikuwa nimeianza yote kulia. Akaniambia, kushoto. Nikamwambia, bwana wee, mkono wa kushoto kazi yake tunaijua sote. Tunakula kwa kulia, msikitini unatanguliza mguu wa kulia, Kurani yenyewe inasomwa kutoka kulia. Jambo la kheri huanzia kulia, mimi sianzi kushoto kwa ajili ya Mchina wala mtume wa Kichina. Na kofia hizi hapa, nikianza kushona kulia, nikianza kushoto, nikianza utosini, ikisha ni kofia, nani anauliza?

Akasema, "Haya."

Mume akisema haya, mwanamke mjinga hudhani ameshinda. Nikaendelea kujifunza kwa macho, neno hili na neno lile, kila moja limefanana, na kila moja nimelianza nyuma mbele. Na nilijiona hodari wallahi.

Sasa tuje kwenye lile lenyewe.

Msimu ule wewe uko Pemba kwenye mizani ya karafuu. Baba yako kaanguka asubuhi anatia udhu. Upande wa kulia wote umekufa, mkono, mguu, mdomo umekwenda kombo. Nilituma mtu akuite, lakini mashua ilichelewa, na siku zile za katikati nilikuwa peke yangu nyumbani na mtu mzima anayenitazama kama mtoto mchanga, na maneno yote aliyojaaliwa, ya kwao na ya kwetu, yamemtoka yamebaki mawili. Unayajua. Sivyo, na haya.

Na mwezi ulikuwa umeandama, na kila mwezi ukiandama alikuwa akimwandikia baba yake. Barua zenyewe Mzee Fuu, aliyekuwa akizisoma, alikuwa akinichekesha nazo, zote moja: mimi mzima, mke mzima, mtoto mzima, majongoo yamekauka vizuri. Na babu yako naye jibu lake moja: mlete mjukuu nimfundishe kazi. Na baba yako: akikua.

Mimi nikakaa nikafikiri. Nikasema wakijua huyu kaanguka, hakuna tena wa kusema akikua. Watamchukua mwanangu. Kwa hiyo sikukusubiri wewe, wala sikumwendea Mzee Fuu. Baba yako alikuwa kila barua akiiandika kwanza kwenye karatasi ya kujaribia, nikaitoa ya mwisho chini ya godoro. Nikasaga wino juu ya jiwe lake. Nikapiga bismillahi, ndiyo, kwa uongo nimepiga bismillahi, nikaandika mpaka adhana ya Adhuhuri. Mimi mzima, mke mzima, mtoto mzima. Ilifanana! Nikazilaza zote mbili pamoja, sikuweza kuzitofautisha. Nikaipeleka posta kwa miguu yangu, nikarudi nimeinua shingo kama nimetoka kuhiji.

Ukaja kutoka Pemba. Ulilia kwanza kwa baba yako, halafu ukasema, "Mama, n'namwandikia babu leo."

Nikakwambia, "Nshaandika."

"Nani kakuandikia?"

"Mimi."

Ukanitazama mkono. Ukauliza polepole, "Mama, ulianzia wapi?"

"Nianzie wapi? Kulia."

Ukaanza kucheka, halafu kicheko kikakukatikia njiani. Ukashika brashi uandike upya, useme kweli. Na mimi nikakwambia neno ambalo mama hamwambii mwanawe. Nilikwambia ukiandika hata mstari mmoja, mimi si mama yako. Ukaiweka brashi chini. Ukaenda kumgeuza baba yako ubavu. Tangu siku ile mimi na wewe tunaongea unga umekwisha na mkaa umekwisha, na tunaheshimiana kama wageni.

Nisamehe kwa neno lile. Sikusema kwa kukosa mapenzi. Nilisema kwa woga, na woga wangu una domo chafu.

Jibu lilipokuja, Mzee Fuu alilileta mwenyewe. Alikaa barazani, akavua kofia, akakataa chai. Hapo nikajua, mtu mwenye duka la chai hakatai chai bure. Akasoma kwa Kichina kimoyomoyo, halafu akanitolea kwa Kiswahili, macho hayatazami uso wangu. Babu yako anasema: kila mstari katika barua hii una kichwa kulia na mkia kushoto, kama mtu aliyevaa viatu vya kinyume. Aliyeandika amefunga milango kabla watu hawajaingia. Huyu si mwanangu. Mtu haandiki barua kwa mkono wa mwenziwe, mwenyewe akiwa yu hai. Mwanangu amekufa, na nyinyi mnanificha.

Na baba yako alikuwa macho, ndani, nyuma ya pazia. Alisikia anavyosomwa kuwa maiti. Tulimsikia anapiga ukuta kwa mkono wake mzima: "Sivyo! Sivyo!" Ile sauti, Salumu. Ile sauti mimi nalala nayo.

Hapo ndipo tukakimbilia kweli, baada ya uongo kufika kwanza. Ukaandika wewe, akaandika Mzee Fuu, tukamkodia gari tukampeleka kupigwa picha Mji Mkongwe, kavaa kanzu nyeupe, tumemwegemeza kwa mito. Jibu likarudi na tiketi ndani yake. Picha, akasema babu yako, nimeiona. Macho hayatazami mbele. Mmemkalisha maiti kitini. Waliodanganya wakati wa kwanza hawana neno la pili. Mimi mzee na sina mwana tena, mleteni mwana wa mwanangu akae badala yake.

Akae. Nilimwambia Mzee Fuu asome tena pale. Akasoma. Akae.

Nikamgeukia baba yako nikisubiri apige ukuta. Nilikuwa nataka apige ukuta! Akakutazama wewe kwa muda mrefu, na machozi yakamteremka upande ule mmoja ulio hai. Akasema, "Haya."

Nilimpigia kelele. Mgonjwa, mume wangu, nilimpigia kelele mpaka Bi Shemsa akachungulia. Nikamwambia haya nini, haya nini, maisha yako yote haya, leo ndiyo ungesema sivyo! Baadaye ndipo nilipofahamu, au nadhani nimefahamu. Yeye ana baba anayemlilia, na mwenyewe yuko hai. Hawezi kwenda kumwambia. Anakutuma wewe kwa sababu ndiye mguu wake uliobaki. Mimi namwona mwanangu anachukuliwa, na yeye anaiona barua yake ya kweli inakwenda. Huenda sote tuna haki, lakini mimi ndiye nitakayebaki na kitanda chako kitupu.

Sasa utaniuliza, mama, na wewe unanipa nasaha gani? Sina nasaha, mwanangu. Nna makosa tu, chagua.

Mimi maisha yangu yote nimeishi kwa kufanana. Mradi kimefanana, nani anauliza. Nyumba yetu ilifanana na nyumba. Nilimfungia baba yako lugha yake nje halafu nikasema tunakaa pamoja. Nilifunga kinywa chako halafu nikasema tuna amani. Nilimwandikia mzee wa watu kwamba mwanawe mzima, kwa wino wa mwanawe, kwenye karatasi ya mwanawe, kila kitu kipo mahali pake. Sawasawa. Sivyo. Neno lile aliniambia ukiwa mtoto, na mimi nimelifahamu juzi.

Kwa hiyo ukiumwa kule, andika kwanza naumwa, halafu ndiyo salamu. Ukiwa na njaa usiniandikie mzima. Ukipata msichana wa Kichina niambie mapema, nipige kelele zangu ziishe kabla ya harusi. Na Salumu: ukifika kule ukaipenda kazi, ukampenda babu yako, na mwenyewe ukataka kukaa, usimwambie Mzee Fuu anipe habari kwa kuzungukazunguka. Niandikie wewe, kwa mkono wako, na liwe mstari wa kwanza. Usidhani ntakwambia haya. Mimi si baba yako. Ntalia mpaka Makunduchi wanisikie. Lakini ntakuwa nalilia kweli.

Na kama baba yako Mungu atamchukua kabla hujarudi, nakuahidi sitokuficha hata siku moja.

Unajua kwamba tangu ulipokata shauri la kwenda ananifundisha? Hukuwahi kuona, tunafanya ukiwa kazini. Namtoa uani, natia maji ndoo, nachutama na magoti haya mabovu, na yeye anashika bakora yake kwa kushoto. Naanza mstari. Anagonga sakafu: "Sivyo." Namwaga maji. Nafuta. Naanza kushoto. "Haya." Kuna siku nilisikia sivyo mpaka nikaitupa brashi juu ya banda la kuku. Nilimpa yeye brashi siku moja, nikamwambia andika basi wewe, kwa huo mkono ulio hai, tumpelekee baba yako ajionee! Akauficha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Akageuza uso. Mkono wa kushoto haushiki kitu cha heshima. Nani alimfundisha hivyo? Nani kama si mimi, na kofia yangu ya kushona.

Sikumlazimisha. Nimejifunza mimi. Leo, kabla sijaanza barua hii, nimesaga wino na nimeliandika lile neno kwenye karatasi nzuri. Rudi. Nimeanza kushoto, ukuta. Dari na ukuta wa kulia kwa mkono mmoja. Nimekuingiza ndani wewe, kijisanduku chako, kwa mpango wake, nacho nimekifunga vizuri. Mstari wa chini wa nje sikuutia. Nimeuacha mlango wazi kusudi. Nilitaka uichukue hivyo hivyo, ujue kwamba sikusahau. Karatasi hii hapa mkekani imeshakauka, na Magharibi inaadhiniwa. Ngoja nisali.

Nimerudi. Salumu, naandika mbio, nisamehe mwandiko.

Nimemaliza kusali ndani, natoka na taa, namwona baba yako kainama kwenye kiti mpaka nikadhani anaanguka. Nimekimbia. Haanguki. Kaivuta karatasi kwa bakora mpaka chini ya mguu wake, kaikanyaga kwa mguu mzima isimkimbie, na brashi iko mkononi. Mkono wa kushoto. Nikasema, "Yusufu, unafanya nini?" Akaninyooshea pale chini palipo wazi, ananigombeza kwa macho kama mwalimu wa chuo. "Sivyo."

Nikamwambia, "Najua sivyo! Nimeacha kusudi! Mwanangu hajarudi, nifunge nini?"

Akalaza brashi mapajani. Akaweka kidole kwenye kijisanduku cha ndani. Halafu akaigusa kofia yako niliyoiacha kitini, ile nnayokushonea ya safari. Kijisanduku tena. Kofia. Kama anayesema, yumo ndani tayari. Halafu akainama akatia mstari, kutoka kushoto, polepole, jasho linamtoka. Akaufunga mlango. Akasema, "Haya."

Nilitaka kumpiga, wallahi nilitaka. Nikaichukua karatasi niichane. Nikaisogeza kwenye taa.

Mstari wenyewe ni mbovu, umevimba na umepinda kama kamba ya kuanikia nguo, umetoka nje ya sanduku. Mtoto wa siku ya kwanza angeandika vizuri zaidi. Lakini pale mwisho, upande wa kulia, Salumu, pale unapokwisha, wino umegeuka kidogo juu. Ni ule mkia. Mkono mwingine, upande mwingine, nusu ya mwili imekufa, na ule mkia aliochapwa utotoni umetoka vile vile.

Mimi siwezi kuughushi ule. Hakuna anayeweza.

Basi sikia, na hili ndilo agizo langu peke yake. Ndani ya bahasha hii mna karatasi mbili. Iliyofungwa mlango ni ya babu yako. Usimpe mbele za watu, na usianze kumweleza, sisi katika nyumba hii hatuna tena sifa ya kueleza tukaaminiwa. Mwamkie, mbusu mkono, mwekee karatasi mapajani, kisha nyamaza. Atakuta neno la mkwewe lililoandikwa kwa mpango, na chini yake mstari mmoja wa mwanawe. Msubiri afike kwenye mkia. Mzee wa watu ataliona kosa lake alilolichapa, na atajua kwamba anaye mwana. Na mwenye mwana, mwanangu, hahitaji mtu wa kukaa badala yake.

Ya pili ni yako. Nimeiandika sasa hivi, nimempa mgongo baba yako asiione, na nimeikinga kwa kanga mpaka imekauka. Hiyo iko wazi chini. Usiifunge kule, hata kama umekizoea kitanda cha huko, hata kama babu yako mwenyewe atakwambia sivyo. Irudishe uani kwetu, ndoo ntakuwa nshaijaza, uifungie hapa mbele ya baba yako naye akiwa kitini.

Nimemsomea barua hii yote, ila pale pa karatasi ya pili. Nimemuuliza, Yusufu, atarudi? Nimemuuliza tena. Ameifumbata kofia yako kwa ule mkono wa kushoto, hajasema lolote mpaka sasa, na mimi nimekaa hapa na taa nasubiri neno lipi kati ya yale mawili.

Mama yako,
Mize binti Haji